Mzazi, Mwanao Yuko Wapi Usiku Huu?

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wazazi wa Kibiti, Bungu na visiwa vya delta ya Rufiji. Tumeyachapa kama alivyoyasema, tukapunguza salamu za mwanzo tu. — Mhariri)

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, nanyi vijana mliosimama nje ya dirisha mkijifanya hamsikilizi, asanteni kwa kuniita. Niliambiwa nije niseme juu ya ulevi wa vijana. Nikauliza, niseme na vijana wenyewe? Nikajibiwa, hapana, sema na wazazi wao. Nikafurahi, maana vijana wamekwisha kuhubiriwa mpaka wamechoka. Hakuna mahafali ya shule asiposimama mtu akawaambia bangi ni mbaya. Lakini mzazi aliyeamka asubuhi akakuta msokoto katika mfuko wa suruali ya mwanawe, huyo nani amepata kumwambia afanye nini? Huachwa peke yake na fimbo yake na aibu yake.

Mimi ni mtoto wa Salale. Nimefundisha miaka thelathini na zaidi, na katika miaka hiyo nimewachapa viboko wavulana wengi kwa ajili ya bangi na tembo. Sikuja kujisifu. Nimekuja kusema kwamba simkumbuki hata mmoja aliyeacha kwa sababu ya viboko vyangu. Walioacha waliacha kwa mambo mengine, na nitayasema.

Lakini kwanza niwaulize. Mwanao yuko wapi usiku huu? Simuulizi mzazi wa Dar es Salaam, namuuliza wa hapa. Sisi tuna maisha yetu, na maisha yetu yana milango ambayo mtu wa mjini haijui.

Mvua za kwanza zikianguka, mtu na mkewe hufunga virago wakaenda bondeni. Mpunga hauna likizo. Ukiota, nguruwe, ukitoa mashuke, ndege, ukikomaa, ngedere na nyani. Basi watu huhamia katika dungu, wakalala juu ya miti na makuti, wakapiga kelele kutwa, mpaka mavuno ya mwezi wa tano na wa sita. Baba zetu walifanya hivyo na babu zetu walifanya hivyo, nasi tumekula wali kwa kazi hiyo. Sasa watoto huwaje? Aliye mgongoni anakwenda na mama yake. Wa miaka mitano naye anakwenda, akasaidie kuwinga ndege. Wa miaka kumi na minne anabaki kijijini kwa sababu ya shule. Tunamwachia debe la mchele na bibi yake asiyeona vizuri, tunasema, huyu sasa ni mkubwa, atajitazama.

Mtazame mambo yalivyo, ndugu zangu. Yule ambaye hatari yake kubwa ni kuumwa tumbo, tumemchukua. Yule ambaye kila uchochoro wamwita, tumemwacha miezi mitano.

Mlango wa pili ni gheto. Shule za sekondari ziko mbali na vijiji vingi, na kwa mtu wa Msala au Mbwera mbali ni kupanda chombo na kungoja maji yajae. Basi tunapanga chumba karibu na shule, wavulana watatu au wanne, godoro moja, jiko moja. Wengine ni wasichana. Kodi tunalipa, na hapo twaona tumemaliza kazi ya uzazi. Nani anaingia chumba kile saa tatu ya usiku? Mwenye nyumba ametaka kodi yake tu. Mwalimu amekwenda kwake. Nimepata kuingia katika vyumba hivyo, nikakuta mtoto wa kidato cha pili anapika ugali wa wenzake, analia kwa homa, wala hapana mtu mzima aliyejua. Katika upweke kama ule, anayemletea kitu cha kumchangamsha humwona ndiye ndugu yake.

Mlango wa tatu ni dago. Kijana amefunga shule, au ameacha shule, anafuata wavuvi wa kamba na kaa. Huko analala ufukweni na watu wazima, analipwa papo hapo, na maji ni baridi usiku. Wakubwa wanamwambia, vuta hii uondoe baridi, kunywa hii upate nguvu za kuvuta wavu. Hawamchukii. Ndivyo walivyofundishwa wao wenyewe. Na yeye ana fedha mfukoni ambazo baba yake hakuzipata katika umri ule.

Nimetaja milango hii kwa sababu kila mara nasikia wazazi wakisema, watoto wetu wameharibiwa na simu, wameharibiwa na watu wa mjini. Simu ina dhambi zake. Lakini hao tuliowaacha peke yao tuliwaacha kwa mikono yetu, tukiwatafutia riziki yao wenyewe. Sisemi ili mjione wabaya. Nasema kwa sababu jambo lenye sababu tunayoijua laweza kushughulikiwa.

Sasa, wanatumia nini? Nataka tuvitaje kwa majina, maana mzazi hawezi kupigana na kitu asichokijua.

Liko tembo la mnazi. Likigemwa asubuhi ni tamu, kufika jioni limekuwa kali. Iko pombe ya mabibo wakati wa korosho, nayo haina gharama, kwa kuwa mabibo yameanguka chini. Iko gongo. Juu ya gongo nataka niseme kidogo zaidi, maana wengi hudhani ni pombe tu iliyo kali. Anayeipika porini hana kipimo, na wako wanaoongeza spiriti za viwandani ili ichome koo. Spiriti ile hupofusha macho na huua. Majirani zetu wa Nairobi, katika mitaa ya Mukuru, Novemba mwaka 2000, walizika watu zaidi ya 100 kwa pombe ya namna hiyo iliyouzwa kwa bei ya chini. Mwaka 2014 ikaua tena makumi ya watu huko Embu na kaunti nyingine za Kenya. Walikuwa watu waliotaka kusahau shida kwa shilingi chache. Mwili wa mtoto wa miaka kumi na mitano ni mdogo kuliko wa mtu mzima. Kinachomlewesha baba yake chaweza kumzimisha yeye kabisa.

Mtakumbuka viroba, vile vifuko vya plastiki ambavyo kondakta na mwanafunzi waliweza kuficha katika soksi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema. Lakini kiu haikupigwa marufuku. Chupa ndogo zipo, na mwenye duka anayefungua akauza kwa kipimo yupo.

Iko bangi, na hii ndiyo wazee wengi hunibishia. Husema, mwalimu, bangi ilikuwapo tangu zamani, mzee fulani alivuta akalima ekari sita. Huenda. Lakini mzee yule alianza akiwa na miaka mingapi? Madaktari wamekwisha kuona kwamba ubongo wa mtu huendelea kujengeka mpaka kama miaka 25. Anayeanza akiwa na miaka 13 au 14, akavuta kila siku, anaitia moshi nyumba ambayo haijaezekwa. Husahau masomo, huchelewa kufahamu, na kwa wengine, hasa katika ukoo wenye maradhi ya akili, hufungua wazimu ambao hauondoki moshi unapokwisha. Tumewaona barabarani, na tunawajua kwa majina yao.

Viko vidonge vya maumivu na vya usingizi vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Kuna kuberi, tumbaku ile ya kuweka mdomoni. Na uko unga, yaani heroini. Unga hauoti huku wala haupikwi huku. Huletwa kutoka ng'ambo, na umekaa Dar es Salaam na Unguja tangu miaka ya 1980. Lakini tangu lami ikamilike, Kibiti si mbali tena na mji. Basi lile lile linalopeleka mchele na kaa wetu ndilo linalorudisha vijana waliokwenda kutafuta maisha wakajifunza kete.

Nitawaeleza habari ya mtoto mmoja, nanyi mtanisamehe nisipomtaja jina, kwa maana ni mtoto wa dada yangu.

Aliachwa kwangu akiwa kidato cha kwanza, wazazi wake wakaenda dungu. Nilikuwa mwalimu, nyumba yangu ilikuwa na vitabu, dada yangu aliona amemweka mahali salama kuliko pote Rufiji. Mwaka wa pili nikaanza kuona mambo. Macho mekundu asubuhi. Njaa ya ghafula usiku, halafu siku nyingine hali kabisa. Rafiki wapya ambao hawakuingia ndani, walipiga mluzi tu. Shilingi zangu zilipungua kidogo kidogo, si nyingi, kama mtu anayechota maji kwa kijiko. Siku moja nikakuta msokoto ndani ya kitabu cha jiografia. Nilifanya nini? Nilimpiga mbele ya majirani, nikamwambia asirudi katika nyumba yangu mpaka awe mtu. Nilisema maneno yale kwa sababu majirani walikuwa wakitazama. Leo nikiulizwa, naungama: nilikuwa nalinda jina langu la ualimu.

Hakurudi. Alipanda lori la mkaa akaenda Dar es Salaam. Tulikaa miaka minne. Siku aliyorudi alishuka pale stendi ya Kibiti amekonda, kamasi zinatoka, anapiga miayo, anasema mifupa inamwuma, anatapika, anaharisha, halali. Dada yangu akasema, ametupiwa jini na watu wa mjini. Mimi mwalimu nikanyamaza, maana sikujua. Tulimlipa mganga gunia la mchele na mbuzi. Siku ya sita kijana akapata nafuu, tukamsifu mganga. Siku ya kumi akaiba baiskeli ya baba yake akaondoka tena.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ile haikuwa kazi ya jini wala nafuu haikuwa kazi ya mganga. Vijana wenyewe huiita arosto. Mwili uliozoea unga ukiunyimwa hufanya hivyo, siku ya pili na ya tatu ndizo kali, na baada ya wiki hivi hupungua wenyewe. Kinachobaki ni tamaa, nayo haiishi kwa wiki. Tena iko hatari ambayo kila mzazi lazima aijue: kijana aliyekaa siku kadhaa bila unga, mwili wake umesahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, chaweza kumwua siku ile ile. Wengi hufa baada ya kutoka jela au baada ya kufungiwa ndani na wazazi, hali watu wakisema, alikuwa ameacha.

Na kwa mlevi wa pombe mambo ni mengine. Yule anayekunywa gongo kila siku tangu asubuhi, ukimfungia chumbani ghafula, aweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, na wengine hufa. Huyo apelekwe hospitali, asifungwe kamba nyumbani. Naomba jambo hili mlishike hata mkisahau mengine yote niliyosema. Najua kuna nyumba zenye minyororo.

Nirudi kwa mtoto wetu. Aliokolewa na mama yake, si na mimi. Alisikia kwamba Muhimbili wanatoa dawa iitwayo methadoni. Ilianza pale Februari mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Ni dawa ya kunywa, inatolewa na Serikali bila malipo, humwondolea mtu maumivu na tamaa ili aweze kukaa kama mtu, kula, kufanya kazi. Lakini siku zile mgonjwa aliinywa mbele ya mwuguzi kila siku. Kila siku, ndugu zangu! Jumapili na Idi. Sasa mtu wa Salale atafanyaje? Apande mtumbwi usiku, afike Nyamisati, apate gari mpaka Bungu, kutoka Bungu apate basi la mjini, kisha arudi, kesho tena? Haiwezekani.

Dada yangu aliuza mpunga wote wa mwaka ule akahamia Temeke. Akapanga chumba, akakaanga vitumbua alfajiri, na kila asubuhi akamsindikiza mwanawe wa miaka ishirini mpaka dirishani pa dawa kama anavyosindikizwa mtoto wa darasa la kwanza. Watu walimcheka. Mumewe alibaki bondeni peke yake na nguruwe, akanung'unika sana, lakini mchele alipeleka. Kijana alianguka mara mbili akarudia unga, wakampokea tena. Leo anaendelea na dawa, anaosha magari, ananipigia simu siku za Ijumaa. Hajapona kama mnavyotaka nyinyi kusikia. Yuko hai, na ana nauli ya kuja kutusalimu.

Ninapohesabu, gharama ya miaka ile ni kubwa kuliko mpunga wa miaka mitatu. Na yote ingeweza kuanza na mazungumzo ya usiku mmoja, pale kilipoanguka kile kitabu cha jiografia, kama ningekuwa na akili ya kuuliza kabla ya kupiga.

Basi kuuliza kwenyewe kukoje? Kina mama wengi wameniuliza, niseme maneno gani?

Kwanza usiseme naye wakati amelewa. Ni sawa na kusema na maji. Mpe uji, mlaze, hakikisha anapumua vema na amelala ubavu asije akapaliwa na matapishi. Asipoamka ukimtikisa, mkimbize zahanati. Ngoja asubuhi, au ngoja kesho yake. Pili, usimwite mbele ya baraza. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kuitisha kikao. Mtoto anawekwa katikati, wazee kumi na wawili wanamzunguka, kila mmoja anatoa methali yake. Atasema "nimekoma" ili mwondoke. Mwambie mnapofanya kazi pamoja, mkirekebisha wavu, mkipanda, mkitembea njiani, pale ambapo macho hayatazamani. Sema ulichokiona, usiseme ulichosikia. "Mwanangu, jana nimekuta kitu hiki mfukoni mwako. Sikukuita nikupige. Nataka kujua ulianza lini, na nini kinakupeleka." Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu. Mzazi wa kwetu hawezi kunyamaza. Nyamaza hata kama mtamaliza safu nzima ya mpunga bila neno. Akikwambia uwongo, usimkamate kama polisi. Mwambie, sawa, nitakuuliza tena Jumamosi. Na Jumamosi muulize.

Tena tusisahau mabinti. Wao hawavuti kijiweni mkawaona. Huanza kwa soda iliyotiwa kitu na mwanamume anayelipa kodi ya gheto. Mama ukimwona binti ana vitu usivyomnunulia, usianze na matusi, maana akikimbia atakimbilia kwa huyo huyo.

Na kama huwezi? Wako wazazi ambao heshima kati yao na mtoto ni nene kama ukuta, neno halipiti. Hilo mababu zetu walilijua, ndiyo sababu hawakumwachia baba kazi yote. Kijana alikuwa na mjomba, alikuwa na babu wa kutaniana naye, aliyepita jando alikuwa na mlezi wake, na msichana alikuwa na somo wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mama. Watu wale bado wapo, tumewastaafisha tu. Siku hizi tunawaita wakati wa harusi wale pilau. Mpigie mjomba simu. Mwambie siri yote, umwombe amchukue kijana wiki mbili wakavue pamoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hapa wananong'ona na hawalisemi. Mzazi wa Kibiti anaogopa kutaja jina la mwanawe mbele ya ofisi yo yote. Nalijua tokeo lake. Miaka ya 2015 mpaka 2017 watu wa hapa walizika viongozi wa vijiji, na Aprili mwaka 2017 askari wanane waliuawa Mkengeni. Usiku pikipiki zilizuiwa. Kila kijana alitazamwa kwa jicho la shaka, na kila nyumba ilijifunza kufunga mdomo. Kufunga mdomo kulituokoa wakati ule, nakubali. Lakini mazoea yale yamebaki, na leo yanamlinda mwuza gongo kuliko yanavyomlinda mtoto.

Kwa hiyo tutenganishe watu wawili. Yuko anayetumia, naye ni mgonjwa wetu. Apelekwe zahanati, au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye kazi yake ni kusaidia wala si kukamata. Kwa mtoto iko simu ya bure, namba 116, atapigiwa na mtoto mwenyewe au mzazi. Na yuko anayewauzia watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo yakataza kumwuzia pombe, sigara au kilevi cho chote, na yakataza kumwingiza katika baa. Haisemi "isipokuwa ametumwa na baba yake." Hapo naona wengine mnatazama chini. Nani anamtuma mtoto chupa ya gongo jioni? Mtoto huonja njiani, kisha hujaza maji. Ndivyo nilivyoonja mimi.

Lakini sitaki mtoke hapa mkawavamie kina mama wapikao pombe. Mama yule anasomesha. Marehemu Bibi Titi Mohamed, aliyepata kuwa mbunge wetu wa Rufiji, alikuwa akieleza kwamba kina mama wapika pombe wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua kadi za TANU, kabla ya wasomi wengi. Ni watu wenye umoja na wenye akili ya biashara. Mwendeni kwa heshima, mseme: mama, hatuji kukuvunjia mitungi, tunakuomba usimpimie mtu aliyevaa sare, wala asiyeota ndevu, hata akileta barua. Na mkitaka aache kabisa, mnunulieni mchele wake na vitumbua vyake.

Juu ya dungu ninalo shauri moja, nalo si la kitabuni. Kijiji kimoja cha jirani mashamba yao yako karibu karibu. Nyumba tano zimepatana kwamba kila wiki mtu mzima mmoja wa nyumba hizo anarudi kijijini, wengine wanamlindia shamba lake. Anayerudi anapika chungu kimoja, watoto wa nyumba tano wanakula pamoja, analala pale pale, anauliza daftari, anauliza nani hayupo. Ni hesabu tu: kila mzazi hukosa shamba wiki moja katika tano. Nilipowatembelea, walikuwa wakigombana juu ya nani alirudi akalala tu badala ya kupika, na mzee mmoja alikuwa amesusa. Lakini zamu ilikuwa ikiendelea. Kwa wale wa gheto, mchague mama mmoja jirani na shule, mumpe pishi ya mchele kila mwezi, awe na haki ya kugonga mlango saa yo yote.

Na mpeni kijana kipande chake cha shamba. Si cha kumsaidia baba, cha kwake, ufuta au mpunga, na fedha yake aishike yeye mbele yako. Kijana mwenye mali yake shambani ana mahali pa kwenda asubuhi. Mwaka 2024, mafuriko ya Aprili yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, niliwaona vijana wengi wamekaa chini ya miembe tangu jua kuchomoza hata kuchwa, na ni katika miezi ile ambapo wazazi wengi zaidi walikuja mlangoni kwangu kulia juu ya watoto wao.

Walioacha, wale wanafunzi wangu niliowataja mwanzoni, nimekwenda kuwauliza. Mmoja alisema aliacha kwa sababu kocha wa mpira alimweka nje ya timu lakini akamwambia kila jioni, jezi yako ninayo. Mwingine, mama yake aliacha kwenda bondeni mwaka mmoja. Wa tatu alinicheka, akasema, mwalimu, wewe ulinipiga, lakini mke wako alikuwa akinipa chakula mlango wa nyuma na kuniuliza habari zangu. Hilo sikulijua kwa miaka ishirini, na mke wangu hakupata kuniambia.

Nimesema mengi, na maji ya Nyamisati hayamngoji mtu. Wa visiwani wanataka kuwahi chombo. Lakini yupo mama pale nyuma, mwenye kanga ya kijani, ameinua mkono tangu nilipotaja minyororo. Bwana Mwenyekiti, mimi nakaa. Naomba huyo asemeshwe kwanza.